Maziwa ya Mama na Ushahidi Wangu wa Uongo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kijijini kwetu nje kidogo ya Lagangabilili, maziwa ya mama yaliweza kushtakiwa, na aliyeamua kesi alikuwa sisimizi. Mtoto mchanga akilia sana au akitoka vipele, wazee walisema maziwa ni machungu. Mama alikamua matone machache kwenye kipande cha kibuyu, sisimizi wakatumbukizwa humo. Wakifa, mtoto aliachishwa ziwa siku hiyohiyo.

Mwaka huo mdogo wangu Masanja alikuwa na miezi mitatu. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba, shule zimefungwa, na mlezi wake nilikuwa mimi. Akilia njaa nilimbeba mgongoni nikampeleka shambani kwa mama akanyonye, kisha nikamrudisha nyumbani, mara tatu kwa siku. Wenzangu walicheza rede njiani, nami nikiwapita na mzigo wangu. Niseme ukweli: nilimchukia. Alikuwa mnene, hajui homa wala kikohozi, na unene wote huo aliupata kwa mama. Mimi niliona uzito tu.

Akatoka vipele shingoni. Leo najua vilitokana na joto la mgongo wangu. Bibi, mama yake baba, akaagiza sisimizi waletwe. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, hivyo akaniita.

"Kabula, wewe una macho. Angalia mpaka mwisho, uniambie."

Mama alikaa kwenye kigoda, akakamua. Niliinama nikaangalia. Sisimizi walihangaika kidogo, wakapanda ukingo wa kibuyu, wakaenda zao.

"Wamekufa, bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Umeangalia vizuri, mwanangu?" mama aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akajifunga kanga yake vizuri, akainuka.

Kesho yake Masanja alianza kunyweshwa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji ya lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mimi nikaenda kucheza rede. Haikupita wiki akaanza kuhara, macho yakadidimia, hata kulia akashindwa.

"Mmeona?" bibi alisema. "Sumu ya mama yake ndiyo hiyo inamtoka."

Wote waliamini, kwa sababu alikuwa ameonya na yakatokea. Bibi huyohuyo hakuruhusu mtu aguse kiwele cha ng'ombe aliyezaa mpaka ndama ashibe dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Ndama alimwonea huruma kuliko mjukuu. Lakini nimlaumu vipi, mwenye macho nilikuwa mimi. Neno langu moja lingemrudisha Masanja kwenye ziwa, nami niliogopa fimbo.

Baba aliazima pikipiki ya jirani, wakampeleka hospitali Bariadi. Masanja alipona. Aliporudi, maziwa ya mama yalikuwa yamekauka.

Miaka miwili baadaye alizaliwa Nkwimba. Mama hakumpa ziwa hata siku moja. Alisema hawezi kumlisha sumu mtoto mwingine huku anajua. Nkwimba alihara, akafa kabla hajaweza kukaa.

Mwaka jana nilijifungua mimi. Muuguzi alimlaza mwanangu kifuani hapohapo, akasema yale maziwa ya manjano ya mwanzo ndiyo kinga yake, nisimpe kingine, hata maji, mpaka afike miezi sita. Mama alikuwa kando ya kitanda. Alimtazama mtoto akinyonya, akatabasamu.

"Mshukuru Mungu, Kabula. Hukurithi maziwa yangu."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, jinsi wale sisimizi walivyotoka wazima na jinsi nilivyotaka kwenda kucheza. Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea.

"Kwa hiyo maziwa yangu yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri, mayu," nilijibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

Aliweka mkono wake juu ya mguu wa mjukuu wake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Nkwimba je?"

Mume wangu husema nilikuwa mtoto, na mtoto hahukumiwi. Labda ni kweli. Lakini mama aliishi miaka yote ile akiuogopa mwili wake mwenyewe kwa sababu yangu, na Nkwimba alikufa bila kuonja hata tone la maziwa yale mazuri.