Maharage Ndani ya Tairi

Baiskeli ya mama ilikuwa na magurudumu matatu. Niliyahesabu siku ilipofika nyumbani kwetu Bagara, nikayahesabu tena mgeni wa kwanza alipoaga, maana miaka ile ya themanini mtu akiacha gurudumu nje alikuwa kama ameligawa.

Ilitoka kwa sista mmoja wa kizungu, mzee, ambaye mama alimfulia nguo miaka mingi. Babati nzima tulimjua sista yule kwa baiskeli yake: mguu mmoja mbele, miwili nyuma, na katikati ya hiyo miwili kapu la chuma ambalo kondoo angeenea na nafasi ya mkia ikabaki. Aliporudi kwao alimwachia mama, kwa sababu ya nyonga. Mama alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la mahindi, mfupa ukaunga vibaya. Kwenda sokoni, mwendo wa nusu saa kwa mwenye afya, kwake ukawa wa asubuhi nzima, na kurudi hakuwezekani. Tangu Pasaka hakuwa ametoka. Alikaa kibarazani anachambua maharage, nikirudi ananiuliza, "Sokoni wanasemaje?" Nami namtajia bei. Bei hakuzitaka. Alitaka umbea, na mimi umbea sikuwa nauokota, hauna kipimo.

Shida ni kwamba baiskeli yenyewe ilikuwa imechoka kuliko sista. Cheni imeshikana kwa kutu, matairi yana nyufa, mipira ya ndani imeoza. Nikaisukuma mpaka kwa fundi, aliyefanyia kazi kwenye ngazi ya duka moja. Dukani siku hizo mlikuwa na rafu, mwenye duka, na kalenda ya mwaka juzi.

"Dada," fundi akasema, "nikwambie ukweli au nikwambie ya biashara?"

"Anza na ya biashara, nijue unanipunja kiasi gani."

"Ya biashara, naitengeneza. Ya ukweli, mpira wa ndani hakuna, kuanzia hapa mpaka Arusha. Lakini rimu zako nzima. Uza magurudumu. Hilo kapu kuku watatagia."

Neno likatembea. Kesho yake akaja mzee mmoja wa kijiji cha Mutuka, mkulima, ambaye baiskeli yake ilikuwa imesimama juu ya mawe mwaka mzima. Kazi yake nyingine ilikuwa kukata makatambuga, vile viatu vya matairi ya lori. Alimsalimia mama vizuri, kisha akaniangalia mimi kama mtu anayeangalia kilima kabla ya kukipanda. Kwa magurudumu mawili ya nyuma alitoa mbuzi na mche mmoja wa sabuni.

Sabuni! Sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Lakini sura yangu haikusema kitu, niliizoesha.

"Miche miwili," nikasema.

"Mbuzi ana mimba, binti."

"Umemchungulia?"

"Mama," akamgeukia mama yangu, "huyu mwanao ulimlea kwa maziwa au kwa mizani?"

"Maziwa nilimpa," mama akajibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Kwanza aliyapima."

Mzee alikuja mara tatu. Mara ya tatu tukafikia: mbuzi, miche miwili, na makatambuga jozi moja. Angerudi Jumamosi kuchukua. Nilifurahi hata nikashindwa kunyamaza. Jioni ile nikamhesabia mama faida yote, kwa vidole, mbuzi na kitoto chake, sabuni mpaka Krismasi.

"Umehesabu vizuri," mama akasema. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Sasa mimi niko wapi kwenye hiyo hesabu?"

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimeisha.

"Sabuni nitaogea," akasema. "Halafu nikae hapa hapa kibarazani, nanukia?"

Jumamosi mzee akaondoka na mbuzi wake, na mimba yake, hakusema neno baya. Hilo lilinisumbua. Ningependa angetukana kidogo.

Fundi akalegeza cheni kwa mafuta ya taa, akakaza spoki. Kuhusu mipira, akasema wenzetu wanashindilia nyasi ndani ya tairi. Nilikuwa nimeziona hizo baiskeli: nyasi zinalala, kabla ya maili mbili unaendesha juu ya chuma. Nikawaza kitu kigumu, kisicholala, kisichonigharimu. Nyumbani tulikuwa na maharage yaliyobunguliwa na wadudu, hayauziki hata kwa adui. Nikashona mifuko mirefu ya kaki, myembamba kama utumbo, nikaijaza maharage na kuivisha ndani ya matairi. Visado viwili kamili. Nilipima mara mbili. Fundi akabonyeza kwa dole gumba, akasema, "Dada, wewe ungekuwa waziri."

Siku ya soko mama alivaa gauni la kanisani. Barabara nzima watu walisimama. "Sista amerudi, ila amekuwa mweusi!" mwenye mgahawa akapiga kelele, na mama akamjibu, "Na wewe bado una deni la maombi!" Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu lori lile. Nilimwegesha kando ya mtaro, akashuka, wanawake wauza maharage wakamzunguka, nikaenda kuuza vitunguu vyangu.

Mchana mvua ikanyesha, mtaro ukafurika. Baiskeli ikasimama majini saa nne nzima.

Mimi nimeloweka maharage kila jioni tangu nikiwa na miaka saba. Najua yanafanyaje. Na bado sikuwaza, mpaka tulipokuwa njiani kurudi, tairi la nyuma likaanza kunona, likatoa uvimbe, kisha likapasuka taratibu kama mtu anayefungua mkanda baada ya pilau. La pili likafuata. Maharage yakamwagika barabarani, makubwa, laini, tayari kwa chungu.

Mama akabaki amekaa kitini. "Sishuki," akasema. "Nimetoka, nimetoka."

Aliyetukuta pale alikuwa yule mzee wa Mutuka, kwa miguu. Alitazama maharage, akanitazama mimi, akalazimika kukaa chini kwa kicheko. Alipomaliza akashika usukani, akamsukuma mama mpaka nyumbani, mimi nyuma naokota maharage. Kesho yake akaja na vipande virefu vya tairi la lori, vile vya makatambuga, akavizungushia rimu na kuvifunga kwa waya. Nikafungua mdomo kuuliza anataka nini.

"Nyamaza," mama akasema. "Leo hupimi."

Mzee alikula chakula cha mchana kwetu. Maharage yalinuka mpira kidogo. Aliongezewa mara mbili.

Baiskeli ile ilikwenda kwa miguu ya lori miaka mingi, ikigonga kila jiwe, na mama juu yake. Lakini jioni ninayoikumbuka ni ile ya mvua, mama ameweka mguu kwenye maji ya moto, ananisimulia ya sokoni: nani kaposwa, nani kahama, nani kanenepa bila sukari. Nilihesabu habari saba. Nilizirudia kitandani, nikakuta ni nane: ya nane mama mwenyewe, ametoka.