Jina la Mwenye Kampuni

Jumamosi nilikwenda makumbusho ya treni, kaskazini mwa Dallas, na rafiki yangu, nesi kutoka Tanga anayeishi Garland, mji wa jirani. Ndani ya behewa la kulala la zamani tulimkuta bibi mmoja, Mmarekani Mweusi, akinyoosha shuka la kitanda cha juu kwa kiganja.

"Baba yangu alihudumu kwenye mabehewa haya," alituambia. "Abiria walimwita kwa jina la mwenye kampuni ya mabehewa. Wahudumu wote Weusi waliitwa jina hilohilo."

"Naye aliitika?" rafiki yangu akauliza.

"Aliitika, sisi tukala. Kisha wakaunda chama chao cha wafanyakazi, wakadai mishahara na heshima. Wakavipata."

Njiani rafiki yangu aliitoa beji yake ya kazi mkobani, akaisoma. Kazini wanamwita jina fupi la Kizungu, alilopachikwa na bosi siku ya kwanza. Jumatatu akaomba beji yenye jina lake kamili la Kitanga. Bosi akalisoma, akakwama katikati, akacheka kwa aibu.

"Jaribu tena," rafiki yangu akamwambia. "Mbona majina ya dawa unayaweza?"

Kufikia mchana bosi alikuwa akilitamka vizuri. Nanyi mnaoitikia majina ya kupachikwa, kuchapisha beji mpya huchukua asubuhi moja tu.