Majirani wa Chini ya Tuta

Nilirudi juzi, rafiki yangu, nikakuta bwawa halipo. Tuta limekatwa katikati na katapila, pengo pana la kupitisha lori, na pale tulipokuwa tukiogelea sasa pamepandwa uwele. Nimeambiwa wahandisi walilikagua, wakaona ni hatari kuliacha na maji, wakalitoboa. Sina ugomvi nao. Nilishuka njia ya kwenda Hombolo, nikatembea peke yangu na viatu mkononi, nikitaka kupaona tu.

Wewe hukupajua enzi zile. Bwawa lilikuwa dogo, la kunyweshea mifugo, na nyumba zetu chache zilikuwa upande wa chini wa tuta, kwa sababu huko ardhi ilikuwa na unyevunyevu hata kiangazi. Mimi nililelewa na bibi. Ukuta kwa ukuta nasi aliishi jirani yetu, mgane mwenye shamba la zabibu, na binti yake aliyekuwa rafiki yangu wa pekee. Asubuhi niliamshwa na sauti ya bibi akisaga uwele, halafu sauti yake akisalimu kwa Kigogo juu ya ua, "Mbukwa!" na jirani akiitikia kabla hata hajatoka ndani.

Jumamosi mwalimu wetu alitupeleka tutani na majembe. Tuling'oa vichaka kabla mizizi haijaenda chini, tukafukia mashimo ya panya, tukafukuza ng'ombe waliopanda juu na kubomoa udongo kwa kwato. Tulilalamika sana. Yeye alicheka, akasema, "Hili ni udongo mtupu, wanangu. Tukiliacha mwaka mmoja tu, litatuacha na sisi."

Jumapili ilikuwa siku ya wageni. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amejenga vibanda vya nyasi ukingoni na kuleta boti ndogo ya kukanyaga kwa miguu. Familia zilikuja kutoka Dodoma na redio, na harufu ya mishikaki ikashuka mpaka uani kwetu, ambako bibi alikuwa akikoroga mlenda. Watoto wao walielea juu ya mipira ya matairi. Mimi na rafiki yangu tulikaa tutani tukiwatazama, tukila zabibu za baba yake zilizopasuka.

Boti ile ilitaka maji mengi. Ndipo yule mfanyabiashara akaziba utoro, ile njia ya pembeni ya kupitishia maji yanayozidi, kwa viroba vya mchanga. Mwalimu alimsihi asifanye hivyo. Akajibiwa kwamba viroba vitaondolewa mvua zikikaribia.

Mvua zilikuja na viroba vikiwa palepale. Alasiri moja, mvua ikiwa imepumzika, mimi na rafiki yangu tulikwenda kuchuma mboga chini ya tuta. Siku zote palikuwa na maji kidogo yanayochuruzika pale, meupe, tukinawia miguu. Siku ile yalitoka kwa nguvu, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Tulikimbia kumwita mwalimu. Alikinga viganja, akasugua yale maji kati ya vidole, uso wake ukabadilika.

"Tuta linaliwa kwa ndani," alisema. "Watoto na wazee wote, pandeni shuleni. Sasa hivi!"

Wakubwa walikimbilia kwenye utoro. Mlinzi wa vibanda akawazuia, amesimama juu ya viroba. "Tajiri kasema maji yasipungue. Kesho ana wageni."

"Wageni wako wana pa kulala," jirani yetu alimwambia. "Sisi tunalala hapa chini. Sogea, kijana."

Mlinzi akasogea. Kisha, nikimtazama kutoka mlimani kwenye baraza ya shule, nilimwona naye ameinama anavuta viroba pamoja nao. Rafiki yangu alinishika mkono akaubana mpaka ukauma, kwa sababu baba yake alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani. Bibi alikuwa karibu nasi, kuku wake kwapani, midomo ikicheza bila sauti. Hatimaye maji yalipata njia, yakaunguruma kuelekea korongoni, mbali na nyumba. Jua lilipozama mwalimu alipanda kutuambia kwamba yale ya chini ya tuta yamepungua na yameanza kuwa meupe.

Tuta lilisimama. Tulikula ugali sote pamoja darasani, watu wakicheka na kulia kwa wakati mmoja, nami nikadhani hakuna kitakachotutenganisha tena.

Lakini hofu ilikuwa imeingia. Mfanyabiashara aliondoa boti yake, na Jumapili zikawa kimya. Mwalimu alihamishwa. Nyumba baada ya nyumba ziling'olewa mabati. Jirani yetu alikata vipande vya mizabibu yake, akavifunga kwenye gunia bichi, akahamia Msalato. Rafiki yangu alining'ang'ania shingoni.

"Nitakuja Jumapili," alisema.

Nilimsubiri Jumapili nyingi. Hakuja, na leo sijui aliko.

Bibi aliendelea kupika chungu kikubwa, chakula kikabaki. Nilimuuliza, "Bibi, mbona unapika kingi hivi?"

"Mkono umezoea watu, mjukuu wangu," alijibu, akaendelea kusonga.

Mwishowe shangazi alikuja kutuchukua, tukahamia kwake Nzuguni, na huko ndiko tulikomzika bibi. Tuta likabaki halina mtu. Vichaka vilifanya vilivyotaka, panya vilevile, mpaka katapila likaja.

Juzi palikuwa na mama mmoja akipalilia katikati ya lililokuwa bwawa. Aliniona nimesimama muda mrefu, akainua kichwa.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Nilimwonesha upande wa chini, kwenye miiba. Nikamwambia pale palikuwa na nyumba, tuliishi pale.

Alitazama nilikoelekeza, akanitazama na mimi, kwa upole.

"Pale?" alisema. "Mimi nilivyokuta, pale ni pori tu. Hapajawahi kukaa watu."

Nilitaka kumtajia mtu wa kuthibitisha maneno yangu. Nikafikiri, nikafikiri tena, nikamuaga.