Nilimwambia Mdogo Wangu Atubu Kwanza

Mimi ndiye niliyekosa. Si shetani, si mchungaji wangu, si mtu mwingine yeyote. Mimi! Naandika kwa sababu kifua kimenijaa, na humu ndani hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia, hata mume wangu.

Naishi Bigwa, chini kabisa ya mlima. Kwa miaka mingi nilikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi cha akina mama. Kila Alhamisi tulifunga na kuomba sebuleni kwangu. Mtu akiugua, mimi ndiye wa kwanza kuitwa. Watu walisema nina upako, na mimi, jamani, nikaamini!

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu, nitamwita Eliza. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikamlea mimi. Nilimsuka nywele, nilimfundisha kusali. Alipokua akampenda Shabani, Mluguru, Muislamu, mkulima wa magimbi na maharage kule juu milimani. Wakaoana bomani, kila mmoja akabaki na dini yake.

Sikwenda. Nilimtumia ujumbe kwamba asikanyage kwangu mpaka amwache yule mwanaume na kutubu mbele ya kanisa. Alinipigia simu mara nyingi, sikupokea. Nilijiambia nailinda imani. Miaka mitatu!

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Ilikuwa Alhamisi moja ya masika. Tangu asubuhi mlima ulikuwa hauonekani kwa wingu jeusi. Mume wangu alikuwa Dumila kwenye biashara yake ya mahindi. Sisi wanawake watano tulikuwa katikati ya maombi, nikasikia hodi. Naifahamu ile sauti. Nikatoka barazani.

Alikuwa Eliza. Mimba kubwa, miguu imevimba mpaka viatu ameshika mkononi. Begi la nguo za mtoto limening'inia begani.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. Mungu wangu, hata marahaba nilimnyima!

"Dada, nesi wa zahanati amesema presha iko juu, nishuke nikae karibu na hospitali mpaka nijifungue. Naomba unihifadhi. Shabani atakuja Jumamosi."

Nikamuuliza, "Umemwacha?"

"Dada, ni mume wangu."

"Basi tubu kwanza. Jumapili twende kanisani, usimame mbele za watu, ndipo utalala humu."

Akashika nguzo ya baraza. "Kichwa kinaniuma, dada. Naona vimulimuli."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia hiyo ni dhamiri inamsuta! Nyuma yangu mama mmoja mtu mzima akasema taratibu, "Mwanangu, huyu anaumwa. Mwache aketi." Nikamkemea, nikamwambia asimfungulie adui mlango. Wengine wakainamia Biblia zao. Walikuwa wananiogopa.

Eliza akalipandisha begi begani. Hakulia. Akasema, "Sawa, dada," akageuka, akaanza kuupanda mlima akielekea kwenye lile wingu.

Nikafunga mlango, tukaendelea kuomba. Niliomba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Lakini ndani kabisa kitu kilikuwa kinaniambia, mkimbilie. Mfuate sasa hivi! Mvua ikaanza kupiga bati, nikapaza sauti zaidi ili nisikisikie.

Kesho yake mchana Shabani akapiga simu. Eliza alifika nyumbani ameloa, akaanza kupata degedege. Majirani walimshusha kwa machela asubuhi kwenye utelezi, wakipokezana mabega. Hospitalini wakamfanyia upasuaji. Mtoto, wa kike, alipona.

Eliza hakupona.

Nilipofika, Shabani alikuwa amekaa chini kwenye korido, suruali yake tope tupu. Aliponiona akasimama, akanishika mikono, akilia kama mtoto.

"Shemeji, laiti ungekuwa nyumbani jana! Aliniambia alikuja akakuta umetoka, mlango umefungwa."

Jamani! Mdogo wangu aliupanda mlima mzima kwenye mvua, kichwa kinampasuka, na bado akanitungia uongo ili mume wake asinichukie.

Ndipo nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ndiyo, nilikuwa nimetoka."

Tulimzika mjini. Ukoo mzima wa Shabani ulishuka, wazee kwa vijana, wakasimama kimya pembeni wakati kwaya yetu inaimba. Baada ya wiki nikapanda kumwona mtoto. Mama yake Shabani, Bi Mwanaidi, alinipokea kwa mikono miwili. Alinitandikia kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Akanipikia magimbi ya nazi.

"Kula, mwanangu. Umekonda. Mdogo wako kila jioni alikuwa akisali chumbani humu, na jina lako ndilo alilolitaja kwanza."

Mimi niliyefundisha somo la upendo mara ngapi kanisani, nililishwa upendo na mtu niliyemwita adui.

Kisha akaniwekea mtoto mapajani, akasema, "Mama yake alisema akiwa wa kike apewe jina lako. Tumempa."

Basi yule mtoto anaitwa mimi. Sasa anatembea. Juzi Bi Mwanaidi kaniambia akifika umri wa shule ataletwa Bigwa, aishi kwa mama yake mkubwa, maana hakuna anayemwamini zaidi yangu. Atapita kwenye baraza ileile kila siku! Na wale wanawake wanne wapo, nakutana nao sokoni, tunasalimiana tukikwepana macho. Siku moja mmoja atasema. Nikisikia simu ya Shabani inaita, moyo unasimama: wameambiwa?

Uongozi wa maombi niliuacha, nikasingizia magoti. Kuomba kwenyewe nashindwa. Nikifumba macho naona miguu iliyovimba inapanda mlima.

Jumapili hii nikitoka ibadani nitapanda niwaambie mwenyewe. Naogopa sana. Huenda nisimwone tena yule mtoto, na sitakuwa na haki ya kulalamika.

Ninyi mnaofunga na kukemea, mnaohesabu nani ameokoka na nani bado, nawasihi! Imani yangu ilikuwa na kila kitu, ilikosa upendo, na ikaua. Mtu akibisha hodi kwako anaumwa, usimuulize anaswali au anasali, ameolewa na nani, ametubu au bado. Mwitikie salamu yake. Mfungulie, aketi.