Thongbai na Majani Yaliyoliwa Kabla ya Jibu

Jumatano, tarehe 12 Novemba, mwaka 2025. Saa mbili asubuhi, wakati majirani zake wako mashambani wakivuna mpunga, Thongbai Saenkham amesimama ndani ya nyumba isiyo na dirisha, chini ya taa zinazowaka kama adhuhuri ya Aprili, mwezi wa jua kali kule. Ameshika jani pana la mmea wa bangi kati ya kidole gumba na cha shahada. Analivuta kidogo, analiachia. Analishika tena.

"Hili linaliziba ua lililo chini yake," anasema. "Lakini huenda ndilo linalolilisha. Hebu nishauri: nimtoe mpishi jikoni ili wageni wapate pa kukaa?"

Halafu analichuma. Jani linaanguka kimya ndani ya kikapu cha mianzi alichokifunga kiunoni.

Hiyo ndiyo kazi ya mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Khon Kaen: kupunguza majani. Mimea hiyo hulimwa kwa leseni, na maua yake huuzwa kwa zahanati za dawa za asili. Majani hayana mnunuzi. Thongbai na wanawake wenzake wawili hulipwa baht mia tatu na hamsini kwa siku ili wayaondoe, mwanga ufike chini na hewa ipite kati ya matawi.

Iwapo kuyaondoa kunaongeza mavuno, yeye hajui. Tajiri wake pia hajui. Na kwa kuwa hawajui, kibarua chake kinaning'inia kama jani lenyewe.

Jina lake lina maana ya jani la dhahabu, na wenzake wamelifupisha wakamwita Bai, yaani Jani. Utani haukuchelewa. Husema kwamba Jani anawamaliza ndugu zake, na huulizana kama siku akifa watamzika au watamkausha. Thongbai hucheka pamoja nao, kisha huendelea kuchuma.

Mikono hiyo ilifundwa humu humu. Kabla ya kuwekewa taa, nyumba hii ilikuwa ya wanaushirika wa hariri. Mama yake alifuga viwavi ndani yake, naye Thongbai, tangu hajaanza shule, alikuwa akiwaletea chakula chao, majani ya mforsadi. Alifundishwa kuanza chini kwenda juu, na kuacha kilele.

"Mforsadi ukiuchuma vizuri, unachipua kwa hasira," anaeleza. "Mama alikuwa akisema mti hauchukii mkono, unachukia uvivu. Nikaja kwenye mmea huu na elimu hiyohiyo. Ila mforsadi tulikuwa tunautaka majani. Huu tunautaka maua. Sasa sijui kama elimu yangu imehamia nami, au niliiacha kwa viwavi."

Soko la hariri liliposinyaa, nyumba ilifungwa, ikabaki na popo. Aliyeifungua tena ni tajiri wake wa sasa, Prathip Chaimongkhon, mtu mpole aliyewahi kuuza mbolea. Mwanzoni Prathip alijifunza kilimo kupitia simu yake, kwa mkulima mmoja wa mbali aliyesisitiza kwamba mmea uvuliwe majani mpaka shina lionekane. Wanawake wakauvua. Baadaye akaja mtaalamu mmoja aliyeshika kichwa alipoiona mimea ile. Akasema kwamba jani ni ghala na ni jiko, na anayeling'oa anaunyima mmea chakula siku unapokihitaji kuliko siku nyingine zote.

"Wote wawili walikuwa na picha," anakumbuka Thongbai. "Na picha zote zilikuwa nzuri."

Msimu uliopita, Prathip aliamua kujaribu mwenyewe. Aliipanga mimea katika safu mbili zilizotenganishwa na njia ya katikati. Safu ya kushoto ingepunguzwa majani kama kawaida. Safu ya kulia isingepunguzwa hata kidogo. Maji yangekuwa yaleyale, mbolea ileile na taa zilezile.

Kabla ya kuanza aliwakusanya wafanyakazi, akasema bila kuwazunguka kwamba, iwapo safu ya kulia ingezaa sawa na ya kushoto, hatakuwa na sababu ya kuwalipa wapunguzaji. Angewaita siku za mavuno tu.

Kwa Thongbai, maneno hayo yalikuwa na maana moja. Magoti yake hayawezi tena matope ya mpunga. Binti yake anaishi Rayong, mji wa viwanda, ghorofa ya nne, katika chumba kimoja na mume na watoto. Amekwisha kumwambia mama yake kwamba godoro lake lipo tayari.

"Mwanangu ananipenda, namshukuru," anasema. "Lakini nyumba hii ndimo nilimojulia jani. Nikitoka humu, kule nitachuma nini? Nguo kwenye kamba?"

Anakiri kwamba alitamani kuinyima maji safu ya kulia. Hakuinyima. Badala yake aliihudumia safu ya kushoto kwa mikono yote miwili, akichagua kila jani kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Maua yalipovunwa na kukaushwa, kila safu ilipimwa peke yake. Mzani ulisimama karibu mahali palepale. Prathip aliutazama, akaugonga kwa kidole, akautazama tena. Hakumfukuza mtu siku hiyo. Aliomba muda wa kufikiri hadi watawa wa Kibuddha watakapotoka kwenye mafungo yao ya msimu wa mvua, lakini kila mmoja alijua kwamba fikra hizo zilikuwa zikielekea mlangoni.

Hapo ndipo anapoingia Lamduan.

Lamduan ni dada mkubwa wa marehemu mume wa Thongbai, naye pia ni mjane, na ndiye mpishi wa wafanyakazi wa nyumba hiyo ya mimea. Supu yake ya kuku, yenye mchaichai na majani machache ya bangi kama walivyopika bibi zake, ilisifiwa msimu mzima. Watu walirudia bakuli na kucheka kwa mambo madogo. Walidhani ni furaha ya kazi.

Siku chache baada ya kupima, Thongbai alimkuta wifi yake jikoni akilalamika kwamba mavuno yamemkosesha kiungo. Thongbai akamwambia kwamba vikapu vya wapunguzaji vilijaa majani kila siku, na yaliyokaushwa bado yalikuwapo gunia zima.

"Yale yenu?" Lamduan akajibu. "Yamenyauka, yamechoshwa na mikono. Mimi nilikuwa nachuma upande wa kulia. Kule majani yalinona, hakuna mtu aliyeyagusa."

Thongbai akaketi juu ya gunia la mchele.

"Wifi, upande wa kulia ulikatazwa."

"Mlikatazwa ninyi. Tajiri alisema isipunguzwe. Mimi nimepunguza nini? Nimechuma mboga."

Na kweli, katika kijiji hiki hakuna anayeweza kuyachanganya maneno hayo mawili. Kupunguza ni kazi ya kibarua, mwenye kikapu na maelekezo. Kuchuma mboga ni jambo ambalo mwanamke hufanya akielekea jikoni, wala hamwombi mtu ruhusa. Lamduan hakuwa amevunja amri. Alikuwa ameipita pembeni, na kisu chake, na bakuli lake.

Kiasi alichochuma hakikumbuki. Anasema kilikuwa cha kutosha sufuria, na siku ya wageni kiliongezeka.

Thongbai alirudi nyumbani akiwa na mambo mawili yasiyotaka kukaa chumba kimoja. Kama angenyamaza, tajiri angeamini kwamba safu isiyoguswa imezaa sawa na iliyopunguzwa, na wanawake watatu wangepoteza kazi kwa ushahidi usio wa kweli. Kama angesema, jaribio lingebatilika na wangepata msimu mwingine, lakini mpishi angeweza kufukuzwa, naye hana mume wala shamba.

Alimpelekea wifi yake mwenyewe suala hilo. Lamduan alikuwa akitwanga pilipili kwenye kinu.

"Mwambie," akasema. "Lakini mwambie akishakula. Mtu aliyeshiba hafukuzi mpishi."

Basi Thongbai akangoja mchana. Prathip alikuwa bado na kijiti cha meno mdomoni aliposikia habari. Aligeuza macho taratibu kuelekea bakuli lililokuwa mbele yake.

"Supu ile?"

"Ileile, Tajiri."

"Niliyokuwa naomba niongezewe?"

"Kila siku ulipoomba."

Prathip akaanza kucheka, na wanaosimulia tukio hilo hawakubaliani kama alicheka kwa uungwana au kwa sababu ya chakula. Alipopata pumzi, alisema neno ambalo sasa hurudiwa hata sokoni:

"Kumbe jibu nimelinywa mimi mwenyewe."

Hakumfukuza mtu. Lakini ukweli huo, ambao Thongbai alitarajia ungeleta mwanga, uliongeza giza. Huenda mpishi alichuma kingi, kwa hiyo safu zote mbili zilipunguzwa na zote zikafaidika. Huenda alichuma kidogo kisichohesabika, na kupunguza hakusaidii kitu. Huenda kunaisaidia mimea iliyosongamana na kuidhuru iliyo dhaifu. Prathip aliyaeleza yote hayo kwa vidole, akafika kidole cha mwisho, akaurudisha mkono mfukoni.

"Nilidhani nikisema kweli nitaelewa," anasema Thongbai. "Nikasema kweli, nikazidi kutoelewa."

Jaribio likaanza upya. Swali lilikuwa namna ya kuilinda safu ya kulia. Kufuli lisingefaa, kwa kuwa safu zote zimo katika chumba kimoja na ufunguo hukaa jikoni. Ushauri ulitoka kwa mkosaji mwenyewe. Lamduan alileta kitambaa cha rangi tatu, kile kinachofungwa kwenye miti mikubwa yenye wenyewe, yaani mizimu inayokaa humo, akasema kwamba akikifunga kwa mkono wake, hata njaa haitamfikisha pale.

Prathip alipinga kwa heshima, akisema kwamba mmea wa kwenye ndoo hauwezi kuwa na mwenyewe.

"Tajiri," Lamduan akamjibu, "hata majani yake hujui kama ni mengi au machache. Hilo la mwenyewe umelijulia wapi?"

Kitambaa kikafungwa.

Asubuhi hii kinaonekana kutoka mlangoni, kimezungushwa kwenye nguzo za safu ya kulia, ambayo majani yake yamefunikana kama vigae vya paa. Hakuna anayeligusa hata moja. Wafagiaji hupita kando yake kwa adabu, na sakafu ya upande huo ni safi kuliko ya upande wa pili. Lamduan anaingia, anakutanisha viganja mbele ya uso, anaweka chini ya nguzo sadaka ya mwenyewe, chupa ya soda nyekundu yenye mrija, kisha anarudi kwenye masufuria yake.

Thongbai anaitazama chupa ile.

"Hapo ndipo akili yangu inapogoma," anasema kwa sauti ndogo. "Safu ile ikishinda, tutasema ni majani, ni ufagio, au ni soda?"

Kisha anatoa kikapuni, chini ya majani aliyoyachuma, chupa nyingine ya soda nyekundu. Ameinunua mwenyewe. Anaiweka chini ya nguzo ya safu ya kushoto, anaunyoosha mrija wake, na anasogea nyuma kuhakikisha kwamba zimelingana.

"Jaribio lazima liwe la haki," anasema.

Mavuno yanatarajiwa mwezi Januari. Safu ya kulia ikizaa sawa au zaidi, Thongbai atakwenda Rayong kwenye godoro lake. Amekwisha kumwahidi tajiri kwamba safari hii hatabishana na mzani. Ikishindwa, atabaki katika nyumba ambamo mama yake alifuga viwavi. Lakini anapoulizwa anatumaini nini, hataji nyumba wala godoro.

"Nimechuma majani maisha yangu yote," anasema. "Kabla sijaambiwa niache, ninataka mtu aniambie kama nilikuwa naisaidia mimea au naisumbua. Likiwa lolote kati ya hayo, nitalipokea."

Kwa hiyo, msomaji, ukishamaliza kusoma, mkabidhi habari hii mtu yeyote unayemfahamu anayeishi na mimea, naye amkabidhi mwingine, hadi imfikie mwenye jibu. Akipatikana, na afike Khon Kaen kabla ya Januari. Supu ya Lamduan ipo, na sasa hupikwa kwa majani ya kikapu cha Thongbai.