Nilimsimamisha Mama mbele ya watu, na Baba hajanisemesha tangu siku hiyo

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana Gilgil si kubwa na maneno yameshakuwa mengi. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nafanya kazi Nakuru mjini katika ofisi inayosaidia watu waliobuni vitu vyao wenyewe. Mtu anakuja na kifaa alichotengeneza nyuma ya nyumba, sisi tunamfundisha kusimama mbele ya wenye uwezo na kukieleza mpaka wakubali kukitengeneza kwa wingi. Kazi hiyo naijua. Nimechukua wazee wanaotetemeka wakishika maiki, wakatoka pale wanapigiwa makofi. Nawaambia haya ili mjue kilichoniponza si ujinga, ni kujiona najua.

Baba yangu ni fundi wa welding. Zamani alitengeneza mashine za kukatia ng'ombe nyasi, zile za mota, unasukuma majani ya napia upande huu zinatoka vipande upande ule. Nilipokuwa shule ya bweni, Mama alisukuma napia mkono ukaenda nazo. Ulikatika juu kidogo ya kifundo. Niliambiwa mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kununuliwa mjini, na mimi na majirani wote tukaamini. Baba akaacha kutengeneza mashine, akawa mtu wa mageti na madirisha. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Mwaka jana nilienda nyumbani nikamkuta na kitu kipya. Alikuwa amefunga pedali chini ya mashine, ukiikanyaga visu vinazunguka, ukiinua mguu breki inavishika papo hapo. Alisukuma fimbo ndani, akainua mguu, fimbo ikatoka nzima. Nililia pale pale, nikamsihi aje aionyeshe kwenye shindano letu. Alikataa wiki nzima. Mama ndiye aliyemlainisha.

Tulipoanza mazoezi nikamwambia aanze na habari ya Mama, kwa sababu ofisini tunafundisha kwamba watu wanashikwa na uchungu kabla ya kushikwa na chuma.

"Hiyo ni mambo ya nyumbani," Baba akasema. "Mimi nitaongea juu ya breki."

"Baba, breki haitawagusa."

"Wewe mtoto, wachana na mkono ya mama yako."

Nilidhani ni haya tu za wazee. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilivunja la wengine.

Siku ikafika. Baba alivaa suti yake ya kanisa, akaeleza springi, akaeleza breki, kwa sauti ya chini kana kwamba anaongea na mashine. Mmoja wa majaji akatoa simu akaanza kuisoma. Mimi nilikuwa kando na maiki ya pili, kama msaidizi wake, na damu ikanichemka. Mama alikuwa amekaa mstari wa tatu, mkono ameufunika na leso kama kawaida yake. Nikasema, "Mama, hebu simama uwaonyeshe."

Mama aliniangalia. Halafu akamwangalia Baba. Halafu akasimama, akatoa leso.

Makofi yakalipuka ukumbi mzima, wengine wakifuta machozi. Jaji mmoja, mama mpole, akauliza, "Pole sana, mathe. Na hiyo mashine ilitoka wapi?"

Nikajibu haraka, "Ilinunuliwa mjini."

Baba akainua maiki yake. "Hapana. Ni mimi niliitengeneza. Sikuweka kinga, nilikuwa na haraka ya kuimaliza."

Mama akaketi, akajifunika tena. Tulishinda. Picha ya siku hiyo niko katikati yao, na ni mimi peke yangu ninayetabasamu.

Video ilisambaa mpaka sokoni kwetu. Sasa watu wanasema fundi alikata bibi yake akanyamaza. Mama aliniita jikoni, akawa anamenya minji kwa mkono mmoja, ganda la kila njegere akilibana magotini.

"Miaka yote hii mtu akiniuliza nasema mashine ilikuwa ya kununua," akaniambia. "Sikutaka mtu amuangalie baba yako vibaya. Wewe umemaliza hiyo kazi yangu na dakika moja."

"Mama, sikujua."

"Ungeniuliza. Ulinisimamisha, hukuniuliza."

Baba hanisemeshi. Nikiingia getini anachukua sanduku la vyombo anatoka. Anazunguka kwa wote aliowauzia mashine zamani, anawafungia pedali bure. Jirani mmoja alimfukuza mbele ya wafanyakazi wake, Baba akarudi na pedali ameibeba kwapani. Niliona kwa macho yangu, nikashindwa hata kumpokea mzigo.

Sasa wenye uwezo wako tayari kuitengeneza, ila wanataka video ya Mama amesimama iwe ndiyo tangazo lao. Bosi wangu ananiambia, "Stori ya mathe ndiyo imebeba kila kitu. Niletee sahihi zao Ijumaa." Mama amekubali. Anasema mkono ulishaenda, na kama kuonekana kwake kutaokoa wa mwingine, wachukue. Baba amekataa, na neno lake nililetewa na Mama: "Mkono ya mama yako sio ya soko." Bila sahihi yake hakuna kitu, na mashine nyingi huko mashambani hazina breki mpaka leo.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa wenye umri wa wazazi wangu, naomba mnisaidie mawazo. Nimsihi Baba atie sahihi, mikono ya watu iokoke na yeye azidi kuaibika? Au nirudishe makaratasi, nimwache azunguke na sanduku lake nyumba kwa nyumba? Na msamaha nauombaje, kwa kosa ambalo ukumbi mzima ulinipigia makofi?