Pini ya Kumi na Mbili

Nikikwambia kwamba niliwahi kumpiga mama mkwe wangu mkono mbele ya pasta, kwaya ya akina mama na jamaa waliotoka Murang'a kwa basi la kukodi, nakuomba usinihukumu kabla sijamaliza. Aibu yenyewe bado ninayo. Kuna wanawake wa hapa mtaani ambao mpaka leo tukikutana njiani wanaficha mikono nyuma (wanasema ni utani, lakini mimi sijaanza kucheka).

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mowlem, na keki ni raha yangu tu ya Jumapili. Nilijifunza kwa video za simu, nikaanza na keki ya kawaida, nikaja kwenye keki ya umbo la gari la kijani ya mtoto wa jirani, kisha ya mpira (ulipasuka, usiulize). Kilichonimaliza kabisa ni fondanti, ile sukari inayokandwa kama unga wa chapati, ikasukumwa ikawa bapa, halafu keki ikavishwa. Niliposikia neno kuvishwa nikajiambia hapa nimefika nyumbani, maana kitu kinachovishwa mimi nakijua tangu niache shule.

Basi mama mkwe akawa anatimiza miaka sabini na tano, na sherehe ikapangwa kwa binti yake Njeri, wifi yangu, kule mtaa wa Fedha. Sote tunamwita Shosho kwa ajili ya wajukuu. Macho yake siku hizi yameingia ukungu, lakini bado anasuka viondo, vile vikapu vya mkonge vyenye mikanda ya kubebea, vidole ndivyo vinavyomwonea. Njeri akaandika kwenye grupu ya familia kwamba keki itanunuliwa dukani, na mimi, sijui kifua nilikitoa wapi, nikaandika: "Keki niachieni. Nitamtengenezea Shosho kiondo."

Njeri akajibu, "Uko sure? Hii si ya kujaribia."

Nikamtumia kidole gumba. Kile kidole gumba ndicho kilichonifunga mdomo baadaye.

Ijumaa jioni kiondo kilitoka, na sijisifu, kilitoka vizuri, mistari ya kahawia na ya damu ya mzee, na katikati ya mistari vishanga vyeupe vya sukari, mamia. Shida ikawa mikanda. Nikiibandika inateleza, nikiibandika tena inateleza, na yule dada wa kwenye video alikuwa amesema mtu apake maji kidogo, ashikilie, awe na subira. Subira sikuwa nayo. Kwenye kifundo cha mkono wangu huwa kuna kimto cha pini, nakivaa mpaka nakisahau (nimewahi kupanda nacho madhabahuni kutoa ushuhuda), na mkono ukaenda wenyewe, kama mtu anayeshikiza mkono wa gauni. Pini kumi na mbili, zote zilizokuwamo. Nilizihesabu, kwa sababu fundi asiyehesabu pini siku moja atamchoma bibi harusi. Zilikuwa zile za kichwa cheupe, na nilivyorudi nyuma kutazama nikaona hazitofautiani na vishanga. Nikafurahi, hebu fikiria.

Asubuhi, mikanda ikiwa imekauka, nikaanza kuzichomoa huku gari la kutupeleka likipiga honi nje, na Njeri kwenye simu akiuliza kama kweli kuna keki ama atume mtu dukani. Nikachomoa, nikachomeka kwenye kimto, nikabeba keki, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshakaa kwenye viti uani kwa Njeri, keki mezani, watu wakiipiga picha, ndipo kidole changu kikaanza kupapasa kimto, mazoea tu. Moja, mbili, tatu. Kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja.

Niliitazama ile keki na vile vishanga vyote vyeupe vikanitazama, na sikujua ni kipi kati yao kilikuwa na mkia wa chuma ndani. Nilijiambia labda ilianguka sakafuni nyumbani, labda iko garini, lakini moyo haukukubali, moyo ulikuwa unaiona pini imelala kwenye sukari ikingoja koo la mtu. Na mtoto wa kwanza kulishwa angekuwa wangu. Kwenye ile familia, mwenye siku humlisha kwanza mjukuu aliyebeba jina lake, na aliyebeba jina la Shosho, Wanjiku, ni Shiku wangu, wa miaka minne, ambaye hatafuni, anameza.

Nilipaswa kusimama hapo hapo niseme. Najua. Lakini Njeri alikuwa amesimama karibu na meza ameshika kisu chenye utepe, na nikaona vile atakavyogeuka kunitazama. Nikamwinamia mume wangu. "Baba Shiku, mtu akimeza pini, huwa inakuwaje?"

"Pini ya nini?"

"Basi."

Shosho akaletwa, akaketishwa mbele ya keki, akainyoshea vidole. Akaipapasa kutoka chini mpaka kwenye mikanda, polepole, na watu wakacheka kwamba Shosho hangoji sahani. Yeye akasema tu, "Huyu ameshika kazi." Kisha pasta akasema tuinamishe vichwa. Nilifumba macho kuliko mtu yeyote pale uani, nikimwomba Mungu aifanye ile pini iwe nyumbani chini ya cherehani, na nikiomba vilevile pasta asifike amina (ni pasta wa kuomba kirefu, na siku hiyo tu ndiyo alifupisha).

Alipomaliza nikaruka. "Wacha nikate mimi."

"Mwenye siku ndiye hukata," Njeri akasema, lakini kisu nilikuwa nimeshampokonya. Nilikata upande wa chini vipande kama njugu, kila kimoja nakibonyeza kwa vidole kabla sijaweka kwenye sahani, na vishanga navikwangua vyote.

"Mama Shiku, hii ni keki ama ni dawa?" Njeri akauliza. Watu wakacheka, wengine wakaanza kula, na kila aliyetafuna nilimtazama koo mpaka ashushe.

Shosho hakutaka vile vipande vyangu. Aliipeleka mikono kwenye keki yenyewe akavunja mkanda pale unaposhikana na kiondo, pale pale nilipokuwa nimejaza pini, kipande kikubwa chenye vishanga kama sita. Akamwita Shiku. Shiku akafungua mdomo mpaka nikaona meno ya nyuma. Mkono wa Shosho ukainuka, na hapo sikufikiria tena, nilinyosha mkono nikaupiga ule mkono. Ulilia paa. Keki ikaangukia kiatu cha pasta.

Shiku ndiye aliyeanza kulia.

"Umempiga Mama?" Njeri akauliza, polepole kabisa.

"Kuna pini," nikasema. "Nilishikiza na pini. Moja haiko."

Uani kote watu wakaacha kutafuna kwa mara moja. Mama mmoja wa kwaya akatemea kwenye leso, mzee wa Murang'a akaingiza kidole mdomoni, na pasta akajishika koo akawa anameza mate kwa kujipima. Mume wangu aliinamia viatu vyake. Mimi nikakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Shosho peke yake hakushtuka. Alipeleka mkono kwenye kitambaa chake cha kichwa, karibu na sikio, akachomoa kitu akakiinua. Kichwa cheupe. Pini yangu.

"Niliitoa wakati wa maombi," akasema. "Nilitaka nikupe tukiwa huko jikoni, sisi wawili. Sasa umejitangaza mwenyewe."

Nililia mbele ya watu wote wale. Nililia kwa sababu koo la mtoto wangu lilikuwa salama muda wote nilipokuwa nakufa, na kwa sababu mkono nilioupiga, ambao sasa ulikuwa na alama nyekundu, ndio uliokuwa umenifichia. Shosho akavunja kipande kingine, akamlisha Shiku, kisha akaniambia, "Na wewe fungua mdomo." Nikala. Sikusikia utamu wowote.

Siku hizi kimto nakiacha kazini, na mikanda naishika kwa mkono mpaka ikauke, hata kama ni nusu saa. Na nikikosea nasema hapo hapo, Njeri awepo asiwepo, kwa kuwa kicheko cha Njeri hakijawahi kutoboa koo la mtu. Pini yenyewe Shosho hakunirudishia. Anaivaa kwenye kitambaa chake, na wiki jana nilipoenda kumsalimia nilimnyoshea mikono yote miwili nikamwomba anipe.

Akanitazama kidogo, akaficha mkono nyuma. Kumbe yeye ndiye aliyewafundisha wale wa mtaani.